Mkono Uliozungusha Pangaboi

Katika majumba ya watawala wa kikoloni, kabla umeme haujaenea, palining'inizwa darini kitambaa kipana au jamvi lililovutwa kwa kamba ili lipepee. Chombo hicho kiliitwa panka, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na mchele na vitambaa. Aliyeivuta kamba aghalabu aliketi nje ya chumba, ukumbini au barazani, asionekane na wale aliowapepea. Waingereza, ambao kwao kila mtumishi alikuwa boi hata akiwa na mvi kichwani, walimwita boi wa panka. Yaelekea ndiko lilikotoka neno letu pangaboi. Umeme ulipofika, mtu yule aliondoka na kamba yake, jina lake likabaki katika chuma kilichochukua kazi yake. Na chuma cha namna hiyo kilipofungwa kwenye pua ya ndege, jina likapanda nacho. Kamusi zetu zatuambia leo kwamba pangaboi ni feni, na kwamba pangaboi pia ni rafadha ya ndege.

Yafaa kulikumbuka neno hili kabla ya kuanza habari za injini, kwa kuwa habari zenyewe zafuata njia ile ile. Injini ya ndege ndogo ilianza kuamshwa kwa mkono wa mtu. Baadaye mkono ukapokewa na mota ya umeme, ile ambayo mafundi wa Bara huiita stata, na wengine selfu. Kisha mwenye mkono akasahauliwa. Tofauti ni moja tu: boi wa panka aliachiwa angalau jina katika kamusi.

Kutoka mjini Dodoma, barabara ya kaskazini iendayo Kondoa, Babati na Arusha hupita Msalato na Veyula kabla ya kuifikia Makutupora. Hiyo ni sehemu ya iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza waliiota kuwa uzi mmoja wa kuiunganisha Cape na Cairo. Makutupora yenyewe yajulikana kwa visima vyake, ambavyo vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi; kwa zabibu zake na kituo cha utafiti wa zabibu, hata ikawako aina ya mzabibu iliyopewa jina la mahali hapo; na kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambako vijana wengi wa nchi hii wamepita. Ni nchi tambarare iliyoinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, nayo haba. Miezi mingi ya mwaka vumbi ndilo mwenyeji na mvua ndiye mgeni.

Kwa rubani wa zamani aliyeshuka kutoka kaskazini huku ameikazia macho barabara, asiye na chombo cha kumwelekeza ila dira na ramani magotini, Makutupora ilikuwa karibu na mwisho wa safari. Mbele yake palibaki mwendo wa dakika chache, kisha reli, kisha mji. Na neno rubani nalo ni la pwani. Kabla ya kupanda angani lilikuwa jina la mjuzi wa njia za bahari, kama yule aliyechukuliwa Malindi mwaka 1498 akamvusha Vasco da Gama mpaka Bara Hindi. Watu wa Bara walipohitaji jina la mwendesha ndege, waliazima la mwongoza chombo, na hapana aliyeona ajabu.

Dodoma iliingia mapema katika ramani ya anga ya dunia. Tarehe 20 Januari 1932 barua za kwanza za safari nzima ya kwenda Cape Town ziliondoka London chini ya kampuni ya Imperial Airways. Njia ilipita Misri na Sudan, ikafika Kisumu na Nairobi, kisha ikateremka Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuvuka kuingia nchi ambayo sasa ni Zambia. Sehemu hii ya kusini ilifanywa na ndege za de Havilland Hercules, zenye mabawa mawili mawili na injini tatu kila moja. Dodoma ilikuwa na reli iliyotoka Dar es Salaam na iliyofika Kigoma mwaka 1914, na ilikuwa na uwanda usio na mlima wa kuogofya wala msitu wa kukatwa. Kwa miaka mitano hivi, barua ya London ilishuka katika vumbi la Ugogo kabla ya kufika Cape.

Mwaka 1937 mambo yaligeuka. Imperial Airways ilileta ndege za majini za Short, zilizotua juu ya maji kama bata, na njia ikahamia pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, mpaka Durban. Watu wa pwani wakaona vyombo vya angani vikishuka bandarini mwao, jirani na majahazi. Dodoma ikaachwa kwa ndege ndogo.

Ndege ndogo ndizo zenye habari yetu. Mwaka 1925 kampuni ya de Havilland ilirusha kwa mara ya kwanza ndege yake ya Moth, ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili vilivyo wazi. Miaka michache baadaye ikapata injini mpya, Gipsy, iliyobuniwa na Frank Halford: silinda nne, nguvu za farasi takriban 100, hewa yenyewe ikiwa ndiyo ya kuipoza. Mjini Nairobi, mwaka 1929, mama mmoja mjane aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na chombo chake cha kwanza kilikuwa Gipsy Moth. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Kampuni hiyo ilikua, ikapeleka barua na abiria katika Afrika Mashariki, Unguja ikiwamo, mpaka vita vilipoikomesha. Uwanja wa Wilson mjini Nairobi unalo jina la mama huyo hata leo.

Gipsy Moth haikuwa na stata. Ili iamke ilihitaji watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Magurudumu yaliwekewa vizuizi vya mbao. Swichi zilizimwa. Aliyekuwa nje aliifungulia petroli mpaka ikachuruzika kidogo, kisha akaizungusha rafadha kwa mkono mara kadhaa, taratibu, ili silinda zivute mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hapo akapaza sauti. Rubani akajibu, akafungua swichi. Wa nje akaweka viganja vyake juu ya ubao wa rafadha, vidole vikiwa vimenyooka bila kuukumbatia ukingo, akauvuta chini kwa nguvu moja huku mwili wake wote ukirudi nyuma na upande, mbali na mzunguko. Ndani ya magneto, ambacho ndicho kinu cha kuzalisha cheche, palikuwa na springi iliyozuia sumaku isizunguke, kisha ikaiachia kwa ghafula, mlio wa tak ukasikika. Mruko huo mdogo ndio uliotoa cheche yenye nguvu ya kutosha hata rafadha ikiwa inakwenda polepole. Kama bahati ilikuwapo, injini ilikohoa, ikatema moshi, ikashika.

Kama bahati haikuwapo, kazi ilianza upya. Dodoma mchana wa jua kali, injini iliyotoka kuzimwa ikiwa bado ya moto, petroli hugeuka mvuke katika mirija yake, au silinda hushiba mafuta kupita kiasi. Dawa yake ilijulikana: zima swichi, fungua koo la injini lote, zungusha rafadha kinyumenyume mara nyingi ili mafuta ya ziada yatoke, kisha rudi mwanzo. Katika joto la namna ile, na kwa hewa ya nyanda za juu iliyo nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, mtu aliweza kuzungusha mpaka mabega yakaisha nguvu.

Hatari haikuwa ndogo. Injini iliweza kurudi nyuma kwa kishindo na kuvunja mkono. Na kulikuwa na hatari iliyofichika zaidi, ambayo kila aliyefanya kazi hii alifundishwa kuiogopa. Taa ya nyumbani waya wake ukikatika huzimika. Magneto ni kinyume chake. Kuizima ni kuiunganisha kwa waya na mwili wa injini. Waya huo ukikatika, magneto hubaki hai, hata swichi ikisema imezimwa. Kwa hiyo aliyesogea mbele ya rafadha kwa ajili ya kuisukuma tu, au kuifuta vumbi, alitakiwa kuitazama kama bunduki ambayo hajaikagua mwenyewe. Rubani aliandikiwa jina lake katika daftari la safari. Aliyesimama mbele ya rafadha hakuwa na safu yake.

Mara chache mno historia imemwachia mtu wa namna hiyo jina. Beryl Markham, aliyekulia Kenya na kuwa rubani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1942 katika kitabu kiitwacho West with the Night, kinachoanza na safari ya usiku kwenda Nungwe, kwenye mgodi wa dhahabu wa Tanganyika. Humo mnamo mtu aitwaye arap Ruta, ambaye walijuana tangu utoto alipoitwa Kibii. Alikuwa naye kwenye mazizi ya farasi, na bibi yule alipohamia kwenye ndege, naye alihamia, akajifunza kukitunza chombo kipya kama alivyomtunza farasi. Tunamjua kwa kuwa mwenye ndege alikuwa mwandishi, na mwandishi alimpenda.

Kuna mfano wa huzuni zaidi. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton aliruka kutoka Voi kwa Gipsy Moth yake, ikaanguka papo hapo ikawaka moto. Alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na Karen Blixen akamfanya ajulikane duniani kote kwa kitabu chake cha mwaka 1937. Katika ajali ile alikufa pia Kamau, mtumishi wake. Jina moja hilo ndilo karibu lote tulilorithishwa juu yake.

Ulaya na Marekani, wakati huo, watu walikuwa wamekwisha kuchoka kuvunjwa mikono. Ilianza kwenye magari. Mwaka 1912 gari la Cadillac lilitoka na mota ya umeme ya kuliwashia, kazi ya Charles Kettering, nalo hendeli la kuzungusha kwa mkono likaanza kuaga. Kwa ndege mambo yalichelewa, kwa sababu betri na mota ni uzito, na uzito ni adui wa kila kirukacho. Watu wakatafuta njia nyingine. Mwingereza Bentfield Hucks alibuni gari lenye mhimili mrefu uliounganishwa na pua ya ndege ili injini ya gari iizungushe injini ya ndege. Wengine walitumia gurudumu zito lililozungushwa kwa hendeli mpaka likapata kasi, kisha kasi hiyo ikakabidhiwa injini kwa mara moja. Roscoe Coffman alileta stata ya fataki: risasi isiyo na kichwa hulipuliwa, na hewa ya mlipuko huisukuma injini. Ndege za mafunzo za Chipmunk za jeshi la anga la Uingereza ziliwashwa kwa fataki za namna hiyo, na Chipmunk ndizo zilizokuwa miongoni mwa ndege za kwanza za Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa mwaka 1964.

Miongoni mwa wabunifu hao yuko mmoja ambaye jina lake hutajwa kila siku katika gereji zetu na wasiomjua. Mota ya stata ina kigurudumu kidogo chenye meno, na injini ina pete kubwa yenye meno. Tatizo ni kuvikutanisha viwili hivi kwa muda mfupi, kisha kuvitenganisha mara injini inaposhika. Maana injini iliyokwisha kuamka huzunguka kwa kasi ambayo ingeivunjavunja mota. Mmarekani Vincent Bendix, aliyezaliwa Moline mwaka 1881, alikiweka kigurudumu kidogo juu ya mhimili uliochongwa hesi kama parafujo. Mota inapoanza kuzunguka ghafula, kigurudumu hukawia kwa uzito wake, hivyo huteleza juu ya hesi mpaka meno yake yakauma ya injini. Injini ikishika na kuanza kumpita mwenziwe kwa kasi, hesi ile ile hukirudisha kigurudumu mahali pake. Hakuna mkono, wala amri; chombo hujua chenyewe wakati wa kushika na wakati wa kuachia. Mwaka 1929 Bendix alianzisha shirika la vyombo vya anga, na mwaka 1945 akafariki. Leo ukimpelekea fundi gari ambalo stata yake yalia bila kuvuta, atakwambia bendeksi imekwisha. Fundi hulitamka jina la mtu, akadhani ni jina la chuma. Ni pangaboi kwa mara ya pili.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, anga ya Afrika Mashariki ilipata mwenyewe mpya. Tarehe 1 Januari 1946 ilianza kazi East African Airways, ikiwa na ndege sita za Dragon Rapide, chombo cha mbao na kitambaa chenye injini mbili za silinda sita sita, ndugu wakubwa wa ile Gipsy. Kati ya Rapide zilizoruka duniani, ziko zilizofungwa stata ya umeme, na ziko zilizoendelea kuzungushwa kwa mkono miaka mingi.

Wakati huo huo, mashariki ya Dodoma, mashine zilishuka kwa wingi ambao uwanda ule haukupata kuuona. Mwaka 1946 John Wakefield na wenzake wawili waliizunguka Tanganyika, sehemu kubwa ya safari wakiwa angani, wakaamua kwamba karanga zingestawi Kongwa. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Mataraktari ya mitumba yaliletwa, na hata vifaru vya vita vikageuzwa mataraktari. Sehemu kubwa ya mashine za mwanzo ziliharibika katika mwaka ule ule: udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na vipuri havikuwako. Mradi ulizikwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Karanga hazikuota kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, lakini somo moja lilibaki katika uwanda: mashine isiyo na fundi wala kipuri ni mzigo wa chuma, hata kama ilinunuliwa kwa dhahabu.

Somo hilo lilirudi kwa sura nyingine mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, East African Airways ilivunjika nayo, na karakana zake kubwa zilikuwa Embakasi, Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Tanzania ilianzisha shirika lake la ndege mwaka huo huo, ikiwa na mafundi wake na nia yake, lakini pungufu ya karakana. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita vya Kagera na ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Kipuri kidogo kilichoagizwa ng'ambo kiliweza kuwa safari ya miezi. Katika hali hiyo swali la kufufua chombo cha zamani au kukinunua kipya halikuwa swali la mapenzi. Aliyeweza kufufua aliruka. Asiyeweza alibaki chini.

Kufikia wakati huo ndege ndogo za uwanda zilikuwa za chuma. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walikuwa wameasisi huduma ya madaktari wa kuruka, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa AMREF. Shirika la kimisheni la MAF nalo kwa miaka mingi lilikuwa na kituo Dodoma, likivifikia kwa ndege za Cessna vijiji ambavyo barabara zake hukatika kila masika. Cessna 206, mojawapo ya ndege zilizopendwa sana katika kazi za aina hii, katika matoleo yake ya zamani ina injini ya Continental ya silinda sita na nguvu za farasi karibu 300. Injini ya ukubwa huo si ya kuzungushwa kwa mkono na mtu mwenye akili timamu. Stata yake ikifa katika kiwanja cha majani, mgonjwa aliyelazwa sakafuni mwa ndege atalala hapo hapo mpaka msaada uje.

Ndiyo maana kazi ya kuifufua stata ya zamani, ambayo kwa nje yaonekana kazi ya grisi na spana, ni kazi ya dhamana. Fundi huanza kwa kutoamini. Stata inayozunguka kwa uvivu mara nyingi haina kosa: kosa liko katika betri iliyozeeka, au katika kebo iliyooza ndani ya ngozi yake, au mahali ambapo waya wa kurudishia umeme umeshikana na mwili wa ndege kwa kutu. Mota ya stata hunywa umeme mwingi kwa sekunde chache, na kizuizi kidogo tu njiani huinyima. Wako walioifungua stata nzima, wakaifunga, wakaifungua tena, na ugonjwa ulikuwa kwenye nati moja.

Ikithibitika kwamba ugonjwa ni wake, huvuliwa na kuwekwa mezani. Vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu izungukayo hupimwa urefu. Vikiwa vifupi hubadilishwa. Pete ya shaba ambayo kaboni hizo huilalia, nayo imekatwa vipande vipande, huchongwa kwenye mashine mpaka iwe duara kamili, kisha nyufa zilizo baina ya vipande huchimbwa kidogo ili shaba isiguse shaba. Nyaya zilizosukwa hupimwa kama ziko zilizoungana pasipostahili. Bushi zinazoshika mhimili hutazamwa, maana zikilika mhimili hulegea, na sehemu izungukayo hukwaruza ukuta wake.

Katika injini nyingi za Lycoming hutumika bendeksi, na hapo vumbi la uwanda lina neno lake. Asiyejua huipaka mafuta ili iteleze. Mafuta hukusanya vumbi, vumbi na mafuta huwa udongo wa kusagia, na kigurudumu hugoma njiani. Ajuaye huisafisha mpaka ikauke, akaipa kilainishi kikavu kidogo. Katika Continental kubwa kama ya Cessna 206, baina ya stata na injini pana kisanduku chenye gia, na ndani yake springi nene iliyoviringwa juu ya mhimili wenye mikwaruzo ya makusudi. Stata inapozunguka, springi hujikaza na kuushika mhimili. Injini inaposhika, springi hujilegeza na kuuachia. Miaka ikipita, mikwaruzo hulainika na springi huanza kuteleza. Hapo hapana ujanja wa gereji. Springi ikivunjika, vipande vyake vyaweza kuingia katika mafuta ya injini, na jambo lililoanza kwa stata kuteleza likaishia kwa injini nzima kufunguliwa.

Wahenga wetu walituachia methali mbili kwa ajili ya fundi huyu, ingawa hawakupata kuona ndege. Moja yasema usiache mbachao kwa msala upitao. Stata ya zamani, nzito ya kilo saba au nane, imetengenezwa ili ifunguliwe. Kila kilicho ndani yake chaweza kupimwa, kuchongwa au kusukwa upya na mtu mwenye ujuzi na subira. Nyingi za mpya ni nyepesi, huvuta kwa nguvu, na huokoa uzito. Lakini zikifa, mara nyingi hurudishwa kiwandani au hutupwa, na kiwanda kiko mbali. Methali ya pili yasema la kuvunda halina ubani. Kuna chuma ambacho kimefika mwisho wake, na kukifukiza kwa heshima ya ukale hakutakirudishia nguvu. Hekima ya fundi ni kujua chuma kilicho mbele yake ni cha methali ipi, na kosa katika uamuzi huo hulipwa na abiria.

Kwa sababu hiyo sheria za anga hazimwachi fundi aamue kimya kimya. Tanzania ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kabla yake palikuwa na idara zilizofanya kazi hiyo. Kipuri cha ndege huja na karatasi zake, na kifaa cha aina nyingine hakifungwi mpaka kiwe kimeidhinishwa kwa injini ile. Kazi ikiisha huandikwa katika daftari la injini: tarehe, saa ambazo injini imefanya kazi, kilichotolewa, kilichowekwa, na sahihi ya fundi mwenye leseni. Miaka 30 baadaye, injini ikiwa imebadilisha wenye mara nne, mtu aweza kufungua daftari na kusoma nani aliifungua stata na aliona nini.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya stata na mkono ulioitangulia. Chuma kimepewa daftari. Mkono haukupewa. Katika viwanja vya uwanda ule, tangu miaka ya Moth, walikuwako watu waliosimama mbele ya rafadha alfajiri, wakipaza sauti na kungoja jibu, wakizifahamu injini kwa mlio wake kuliko waliozilipia. Walijua ni siku gani itashika kwa mvuto wa kwanza na ni siku gani itawatesa. Ujuzi wao haukuandikwa popote, nao walioweza kuusimulia wamekwisha kutangulia mbele ya haki, au wamebaki wachache. Jamii inayothamini mashairi kwa kuwa yamehifadhiwa vifuani yafaa iujali ujuzi uliohifadhiwa mikononi, maana huo hupotea upesi zaidi: shairi laweza kunukuliwa na aliyelisikia, lakini mvuto wa rafadha hauwezi kunukuliwa na aliyeutazama.

Bado haijachelewa kwa yote. Mafundi waliofufua stata katika miaka ya uhaba, waliochonga pete za shaba na kupima springi kwa taa ya mkono, wengi wangali hai. Wana maneno yao, na mengi hayamo katika kamusi yoyote. Wana majina ya milio: injini inayokohoa, inayotema, inayovuta kwa uvivu. Mkusanyaji wa lugha atakayekwenda kwao na daftari atarudi na msamiati ambao kamati za istilahi zingeukesha usiku kuubuni, tena zisingeufikia utamu wake.

Katika miaka ya 2020 ujenzi wa uwanja mpya wa kimataifa ulianza Msalato, katika barabara ile ile ya kaskazini, kabla ya kufika Makutupora. Uwanja wa namna hiyo ni kwa ajili ya ndege ambazo injini zake huamshwa kwa hewa ya shinikizo na kitufe, hali rubani ameketi nyuma ya kioo. Lakini ndege ndogo hazijatoweka, na kila mojawapo inapokuwa kiwanjani asubuhi, rubani wake bado hufanya jambo moja la kale kabla hajagusa swichi. Hufungua kidirisha, hutazama kushoto na kulia, akapaza sauti kwamba watu wakae mbali na pangaboi. Mara nyingi hapana mtu mbele ya ndege. Hupaza sauti hata hivyo.